Ghorofa Bila Uani

Mabishano juu ya nyumba mpya za kupangisha huko Kibaha na Kisarawe mara nyingi huanzia kwenye sura ya jengo, na mara nyingi huishia hapohapo. Mwenye kiwanja anataka paa la kuficha. Mkewe anataka bati la rangi linaloonekana tangu barabarani. Fundi anataka kazi. Kila mmoja ana haki ya kupenda anachopenda, hasa yule anayelipa. Lakini mpangaji haishi kwenye ukuta wa nje. Anaishi ndani, saa nane mchana mwezi wa Februari, umeme umekatika na pangaboi limesimama. Saa hiyo ndiyo inayoihukumu ramani, na haiulizi rangi.

Hoja hii haiwezi kungoja, na sababu ni watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,098,668 mkoani Pwani, iliko miji hii miwili. Ile ya 2022 ilikuta 2,024,947. Mkoa umekaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka 10, na anayesafiri anajionea mwenyewe jinsi ongezeko hilo linavyofuata barabara zinazotoka Dar es Salaam. Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, kilomita 19.2, ilianza kupanuliwa kuwa ya njia nane mwaka 2018, baada ya nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kuanzia Kimara hadi Kiluvya kubomolewa mwaka uliotangulia. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria wa Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na njiani ina vituo vya Pugu, Soga na Ruvu: cha kwanza kiko jirani na Kisarawe, viwili vinavyofuata viko upande wa Kibaha. Viwanda vya Visiga na Zegereni vinaajiri, bandari kavu ya Kwala inaajiri, na anayeajiriwa anatafuta chumba.

Kisarawe ilichelewa kidogo. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa ofisi za wilaya, shule ya Minaki, mihogo na mkaa, na aliyetaka kujenga pale aliulizwa swali moja tu: maji utapata wapi? Juni 2020 ulizinduliwa mradi wa DAWASA unaopandisha maji kutoka Kibamba hadi mjini Kisarawe. Madalali hawajalala tangu siku hiyo.

Hadi sasa miji hii miwili imelipokea ongezeko hilo kwa kujitandaza. Kiwanja kinapimwa, kinauzwa kwa awamu na kampuni yenye kipaza sauti, kinajengwa nyumba ya chini, kisha pembeni inaongezwa safu ya vyumba na sebule vya kupangisha, na safu hiyo siku hizi inaitwa apatimenti. Sina ugomvi na safu hizo. Zimewasitiri walimu, wauguzi wa hospitali ya Tumbi na vibarua wa viwandani wakati miradi mikubwa ya makazi ikingoja wafadhili. Tatizo lake ni ardhi. Chukua kaya 16, kila moja na kiwanja chake cha mita 20 kwa 30. Hizo ni mita za mraba 9,600 kabla hujakata barabara, na ukizipanga pande mbili za mtaa unahitaji mita 160 za barabara, bomba na waya. Kaya hizohizo zinaenea kwenye jengo moja la sakafu nne, nyumba nne kila sakafu. Ipe kila nyumba mita za mraba 70, ongeza ngazi na korido, jengo litakalia mita za mraba kama 320. Liweke kwenye kiwanja cha mita za mraba 1,600 na sehemu nne kati ya tano za ardhi zitabaki wazi.

Hiyo ndiyo hoja kubwa ya kujenga kwenda juu, nami naikubali, kwa sharti kwamba ardhi iliyobaki ibaki kweli. Mwenye jengo wa kwetu akiona nafasi nyuma ya jengo, haoni nafasi. Anaona fremu mbili za biashara na banda la kuoshea magari. Jengo lililobanwa kila upande kwenye kiwanja cha nyumba moja linaleta taabu zote za ghorofa bila kuleta faida yake hata moja.

Nyumba ya Kiswahili, ambayo ndiyo iliyoijenga Magomeni ya zamani na ambayo Mzaramo wa Kisarawe hahitaji kuelezewa, ina baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani nyuma. Wachoraji wengi huiona kama nyumba ya kukimbia. Ukiitazama kwa kazi zinazofanyika ndani yake, utaona kwamba sehemu kubwa ya mchana haipiti chumbani. Uani ndiko kunakopikwa, kunakofuliwa na kuanikwa, ndiko nazi inakokunwa na watoto wanakoogeshwa. Barazani hupokelewa mgeni asiyestahili kuona ndani, hukaa mzee jioni, na ndipo mpangaji anayedaiwa kodi huonana na mwenye nyumba bila wanawe kusikia.

Sasa tazama ghorofa la kawaida linalochorwa leo. Sebule, vyumba viwili kimoja kikiwa masta, jiko la ndani ambalo watu wawili hawapishani, na mbele kibaraza cha kutosha kiti kimoja cha plastiki na mtu mwembamba. Kazi za uani hazikufutwa na mchoro huo. Zimenyimwa tu mahali pa kufanyikia. Basi zinajitafutia. Jiko la mkaa linatua koridoni, beseni la kufulia kwenye ngazi, kamba ya nguo inavuka kutoka dirisha hili hadi lile, na baada ya miezi michache mwenye jengo anabandika tangazo la makatazo lenye vifungu vingi kuliko mkataba wa upangaji.

Utaambiwa mkaa unaondoka. Ni kweli kwamba mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mbunifu anayechora jiko lisilo na njia ya moshi amechora kwa ajili ya 2034, wakati mpangaji anahamia mwezi ujao. Hata mwenye mtungi wa gesi hachemshi maharage kwa gesi tarehe za mwisho wa mwezi. Tena siku ya hitima au ya kumtoa mtoto, hakuna jiko la ghorofani litakalobeba sufuria la pilau la watu 60, liwe la gesi au la umeme. Msiba nao hausomi ramani: turubai litafungwa mahali fulani, na lisipopata uwanja wa jengo litafunga barabara ya mtaa.

Jambo la pili ni upepo, na hapa nyumba ya zamani ina somo ambalo wengi wamelinakili nusu. Ukumbi wake umepita katikati na vyumba viko pande zote mbili, kama korido ya ghorofa la leo. Tofauti ni kwamba ukumbi ule una mlango wa barazani upande mmoja na mlango wa uani upande wa pili. Ikifunguliwa yote miwili, nyumba inapumua. Korido ya ghorofani mara nyingi huishia kwenye ukuta, au kwenye kidirisha cha choo. Kila nyumba ina madirisha upande mmoja tu, na hewa isiyo na pa kutokea haiingii. Halafu yanawekwa madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo kwa umbile lake hufunguka nusu tu ya upana. Nusu nyingine ni kioo kilichosimama mbele ya kioo. Mlipaji amelipia dirisha zima.

Pwani hii haina siri kuhusu upepo. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki kuanzia masika hadi miezi ya baridi. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, yaani wakati wa joto kali. Jua nalo lina ratiba yake. Kibaha na Kisarawe ziko karibu na nyuzi 7 kusini ya Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana ya Juni jua liko nyuzi 30 upande wa kaskazini wa utosi, na Desemba liko nyuzi kama 17 upande wa kusini. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unalindwa kwa urahisi: kipenu cha mita 1 hutia kivuli cha mita 1.7 kwenye ukuta wa kaskazini mchana wa Juni, na hicho kinatosha dirisha zima. Ukuta wa magharibi haulindwi na kipenu chochote, kwa sababu jua la alasiri huja limeinama na kuingia chini yake. Kwa hiyo jengo refu lilale mashariki kwa magharibi, madirisha yake yatazame kaskazini na kusini, na pande fupi ziachiwe ngazi, vyoo na stoo. Haya hayaongezi mfuko mmoja wa saruji. Yanahitaji tu kiwanja kilichokatwa kwa upande unaofaa, na ndiyo maana nasema mbunifu wa kwanza wa ghorofa lolote ni yule aliyepima viwanja. Mtaa ukikatwa ili nyumba zote zitazame magharibi, msomi yeyote atakayeletwa baadaye atakuwa anatibu ugonjwa aliourithi.

Kuhusu paa la kuficha nitasema kidogo. Ni ukuta uliopandishwa kuficha bati, na kwa kufanya hivyo umeondoa kipenu. Mvua ya masika inapiga ukuta moja kwa moja, maji ya paa yanakusanyika kwenye mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta, na siku mfereji huo ukiziba kwa majani ya mwembe maji yanashuka ndani juu ya dari ya jipsamu. Katika nchi kavu ni mtindo usio na madhara. Katika mkoa wenye masika na vuli ni namna ya kumhakikishia mpaka rangi kazi ya kila mwaka.

Ajabu ni kwamba Kibaha haihitaji kwenda mbali kutafuta kielelezo. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa pamoja wa Denmark, Finland, Norway na Sweden, likakabidhiwa Tanzania mwaka 1970. Majengo yake ya mwanzo ni ya chini, yametawanywa penye nafasi, upepo unapita kati yake. Mwaka 2014 Norway iliandaa maonyesho huko Venice juu ya kazi za wabunifu wa nchi hizo katika Tanzania, Kenya na Zambia za miaka ya uhuru, na watu walipanda ndege kwenda kuyatazama. Mwekezaji wa Maili Moja, hapohapo Kibaha, angeweza kupanda bodaboda. Na kwa anayesema mambo ya upepo ni ya wageni, Beda Amuli, mmoja wa wabunifu majengo wa kwanza wazalendo, alilifunika Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa 1975, kwa miavuli ya zege inayopitisha hewa na kukusanya maji ya mvua.

Mafunzo ya majengo marefu nayo yako karibu. Michenzani ya Zanzibar ilijengwa kwa amri ya Abeid Karume na msaada wa Ujerumani Mashariki, majengo marefu yakikata katikati ya mitaa ya Ng'ambo na kukutana kwenye mzunguko. Ramani ilikuwa ya Ulaya: mlango, ngazi, mlango. Baraza haikuwamo. Wakazi waliirudisha wenyewe huku chini, na maji yalipogoma kupanda, ndoo zilipanda. Sioni sababu ya kuwabeza waliojenga. Waliwapa watu nyumba imara zenye umeme, na hadi leo zinakaliwa. Ila walikuwa na udhuru wa kuwa wa kwanza, na sisi hatunao.

Magomeni Kota ni mfano mpya zaidi. Wakala wa Majengo Tanzania ulijenga pale nyumba za kaya 644, zikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022, baada ya wakazi wa zamani kusubiri karibu muongo mmoja. Ni majengo marefu, na urefu una mantiki Magomeni, ambako ardhi ni haba na basi la mwendokasi liko mlangoni. Kuuhamishia urefu huo Kibaha ni jambo jingine. Jengo refu huleta lifti, lifti huleta gharama ya pamoja, na gharama ya pamoja huleta vikao. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008 inawapa wamiliki wa nyumba za ghorofani chombo cha kusimamia ngazi, paa na mabomba ya pamoja. Maghorofa mengi ya Kibaha, hata hivyo, yana mwenye mali mmoja na wapangaji wanaolipa kodi ya miezi sita mkupuo. Lifti ikiharibika mwezi wa pili, mpangaji hana chombo wala kikao. Ana magoti yake.

Ndiyo maana nasimama kwenye sakafu nne, pamoja na ya chini, bila lifti. Kisarawe yenye vilima inaweza kufanya vizuri zaidi ya hapo. Kiwanja chenye mteremko kinaruhusu mlango wa kuingilia uwe katikati ya jengo: ukifika, unashuka sakafu moja au unapanda mbili, na hakuna mama atakayebeba mtungi wa gesi sakafu tatu. Kinachofanyika sasa ni kuleta greda, kusawazisha kilima, kisha kulipia ukuta wa kuzuia udongo uliokuwa umejizuia wenyewe kabla ya greda kufika. Mvua moja kubwa inatosha kuupeleka udongo huo kwa jirani wa chini, naye hakuuagiza.

Maji ndiyo yanayozungumzwa kwa uchache wakati wa kuchora, na ndiyo yanayoleta ugomvi mwingi baada ya kuhamia. Kaya 16 za watu watano watano ni watu 80. Wape lita 50 kila mmoja kwa siku, matumizi ya mtu asiyejimwagia, na jengo linahitaji lita 4,000. Tanki la lita 5,000 juu ya paa ni akiba ya siku moja na robo. Kibaha inapitiwa na bomba kuu la Ruvu Juu, na mtambo wake uko Mlandizi, lakini ukaribu na mtambo haujawahi kuwa hati ya kupata maji: Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, mgao uliwagusa wa mbali na wa karibu. Jengo la watu 80 linahitaji tanki la chini ya ardhi la siku kadhaa, pampu, na mita ya umeme ya pampu inayojulikana ni ya nani. Hapa ndipo urafiki wa majirani huvunjikia. Kila nyumba ina Luku yake, na dalali analitaja jambo hilo kwanza kabla hata ya idadi ya vyumba. Luku ya pampu haina mwenyewe, na salio likiisha usiku wa Jumamosi kila mtu anakumbuka kwamba yeye ndiye aliyenunua mara ya mwisho.

Maji yale yakishatumika hayapotei. Karibu yote yanashuka kwenye karo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mitaa hii bado inategemea gari la majitaka. Karo la nyumba moja likipewa kaya 16 litamwita dereva wa gari hilo mara nyingi kuliko ndugu wanavyoitana. Ile ardhi iliyobaki nyuma ina kazi hapa pia, mradi karo lichimbwe mbali na tanki la maji safi na gari liwe na njia ya kulifikia. Nimeona michoro ambayo gari hilo lingelazimika kupita sebuleni.

Mwekezaji atajibu kwamba haya yote ni gharama. Mengine ni kweli. Tanki la chini ya ardhi si bure. Lakini uani wa ghorofani si anasa. Nyuma ya jiko la kila nyumba ukiweka roshani ya kazi yenye upana wa mita 1.8 na urefu wa mita 5, yenye sinki la kufulia, kamba za nguo na ukuta wa matofali ya matundu unaopitisha hewa na kuficha nguo za ndani, umetumia mita za mraba 9. Zinatoka kwenye sebule ambayo kwa sasa imejazwa makochi ya kukalia siku ya sikukuu. Na sakafu ya chini fremu ziwekwe upande wa barabara tu, nyuma pabaki pa nguzo na kivuli: mchana pa watoto, jioni pa magari, na siku ya msiba pa turubai.

Kuhusu uimara sitarefusha, kwa kuwa hapo hakuna pande mbili za kubishana. Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo na kuua watu wengi. Sakafu nne za Kibaha zinahitaji mhandisi aliyesajiliwa, anayefika saiti siku ya kumwaga zege, na si jina lake tu kwenye kibao cha bati.

Halmashauri za Kibaha na Kisarawe bado zina kitu ambacho Kariakoo haina tena: viwanja ambavyo havijakatwa, na mhuri ambao bila huo mwekezaji hawezi kuanza. Nawaomba maofisa wa mipangomiji na madiwani wautumie mhuri huo mapema, wakati wa kupima, kwa kuacha viwanja vikubwa vya ghorofa karibu na stendi, hospitali na vituo vya treni, na kuvigeuzia upande wa upepo. Kisha ramani zikianza kuletwa, ile isiyoonyesha kaskazini iko wapi, nguo zitaanikwa wapi na gari la majitaka litapita wapi, irudishwe kwa mwenyewe siku hiyohiyo.